Sekunde 95 Zilizonitia Adabu

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja anayejifunza uhariri wa video. Anaandika: "Shikamoo kaka. Prodyuza wangu anataka nimtengenezee intro ya dakika moja na nusu, tamthilia ni ya watu wazima. Mimi nafikiria animesheni. Unanishauri nini?" Nikausoma mara mbili, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaenda kunywa maji. Dakika moja na nusu. Animesheni. Watu wazima. Kama kuna aliyemtuma aje kunitonesha kidonda, basi kazi ameifanya barabara.

Nimjibu hapa, maana najua si yeye peke yake. Wengi mnaonisoma mna ndoto ileile: siku moja jina lako lipite kwenye skrini, chini yake muziki, na watu wanyamaze.

Miaka michache nyuma nilipewa kutengeneza utangulizi, yaani hiyo intro, majina na muziki wa mwanzo, wa tamthilia nzito. Baba amefariki, watoto wanne hawasikilizani kuhusu nyumba, mama wa kambo yuko katikati, kila mmoja na siri yake. Niliposoma miswada ya episodi mbili za mwanzo nilikuwa tayari nimeshapata wazo, na nilikuwa na uhakika nalo kupita kiasi. Nitaijenga ile nyumba kwa karatasi. Nitaikata kwa mkono, chumba kwa chumba, niipige picha fremu moja moja, na wahusika wawe vikaragosi vya karatasi wanaovutana nyumba mpaka inachanika.

Wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri.

Hesabu yake ilikuwa hivi: picha 12 kwa kila sekunde, sekunde 95, jumla picha 1,140. Kila picha unasogeza mkono wa kikaragosi kiasi cha upana wa ukucha, unaondoa mkono wako, unatazama kama kivuli chako hakijaingia, unapiga. Unarudia. Wiki sita. Madirisha nilikuwa nayafunga mchana kutwa ili mwanga usibadilike, na ili upepo usije ukanipeperushia ukoo mzima. Habari za kusafisha picha na kuziunganisha naziruka, hazina utamu kwa yeyote.

Rangi nilichagua njano, machungwa na bluu ya anga. Herufi za majina ya wasanii nilizinenepesha, nikazipa kona za mviringo, nikazifanya zidunde zikitua. Mtunzi wa muziki aliponiuliza nataka sauti gani nikamwambia marimba na filimbi, kitu chepesi, kipingane na uzito wa hadithi. Hilo neno "kipingane" nililipenda sana siku hizo, nililitumia hata pasipohitajika. Prodyuza akafurahi. Mwongozaji akafurahi. Tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametoka kazini amechoka, amejitupa kwenye kochi, anatafuta cha kuangalia kabla ya kulala.

Usiku wa episodi ya kwanza nilikwenda kwa dada yangu. Watoto wamelala, sebule kimya, tumekaa mimi na yeye na shemeji. Marimba ikalia. Hazikupita sekunde 10, mlango wa chumba ukafunguka, mpwa wangu wa miaka sita akatoka mbio na nguo za kulalia, macho yamevimba usingizi, akajikalisha sakafuni mbele ya televisheni. "Mjomba, katuni!" Nyumba ilipochanika alicheka. Herufi zilipodunda alipiga makofi. Sitawadanganya, nilijisikia vizuri. Halafu utangulizi ukaisha, na onyesho la kwanza kabisa ni mume na mke wanatukanana kando ya jeneza, matusi yale ya chumbani, hayajakatwa hata moja. Dada aliruka meza kuitafuta rimoti.

Alipomlaza mtoto akarudi, akakaa, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, hii mmemtengenezea nani?"

Sikuwa na jibu. Ninalo sasa, lakini limenigharimu.

Siku zilizofuata ujumbe ukaanza kuingia. Wapo waliosema wameona karatasi za rangi wakadhani ni kipindi cha watoto, wakahamisha. Wapo wazazi waliofanya kinyume: waliwaachia watoto, wakaenda kuoga, waliporudi wakakuta yale ya kwenye jeneza. Hao walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Hao wa kwanza ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu hawakuchukia kazi yangu. Hawakuiona. Walisogea tu, kama mtu anayepita mlango usiomhusu.

Episodi ya nne niliiangalia nyumbani peke yangu. Skrini nyeusi, jina la tamthilia kwa herufi nyeupe nyembamba, mlio mmoja wa chini, sekunde saba, kwisha. Picha 1,140 zimetupwa na hakuna aliyenipigia simu. Jina langu lilihamia mwisho kabisa, kule ambako hata mama mzazi wa mtu hafiki. Nimesamehe. Nimesamehe, lakini nawaambieni ukweli, niliposikia watu wanausifu ule mwanzo mpya eti "umetulia", nilizima simu siku mbili.

Sasa tuongee kazi.

Kwanza niwatoe kwenye kosa nililolifanya mimi baada ya hapo, la kusema basi animesheni na watu wazima haviendi. Si kweli. Tamthilia ya Kimarekani ya Mad Men ilianza mwaka 2007 na utangulizi wake ni mchoro mtupu: kivuli cha mwanamume mwenye suti anaanguka katikati ya maghorofa yaliyojaa matangazo. Hakuna mtoto aliyekimbia kutoka kitandani kwa sababu ya yule bwana. Anaanguka polepole, hadundi, rangi zimepoa, na muziki una wasiwasi ndani yake. Mtu mzima akiuona anajua kuna jambo linamhusu. Kwa hiyo karatasi zangu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudunda. Lilikuwa marimba, herufi nono, njano. Kila kimoja peke yake kingesameheka. Vyote pamoja vilikuwa vinapaza sauti kuwaita watoto.

Pili, urefu. Hapa ndipo kila mtu anapokimbilia: fupisha, fupisha. Netflix walipoleta kile kitufe cha kuruka intro mwaka 2017, wengi katika fani hii tulijiona tumefiwa. Mwaka 2022 wakatangaza wenyewe kwamba kwa siku ya kawaida kinabonyezwa mara milioni 136, na muda wanaookoa watazamaji ukijumlishwa ni miaka 195. Nilikaa nikagawanya. Inakuja kama sekunde 45 kwa kila bonyezo. Sekunde 45 za mtu kama mimi, zimekatwa, mara milioni 136, kila siku ya Mungu.

Lakini tazama upande wa pili. Utangulizi wa Game of Thrones ulikuwa unapita dakika moja na nusu na kuna watu waliokuwa wanakimbia kutoka jikoni wasiukose. Kwa nini? Ile ramani ilikuwa inabadilika kadiri hadithi inavyohama. Ukiona ngome mpya imeinuka, unajua leo tunafika huko. Unapewa habari. The Wire nayo, misimu mitano, wimbo mmoja, lakini kila msimu unaimbwa na watu wengine. Na msimu wa tatu wa The White Lotus, mwaka 2025, walipobadili muziki wa mwanzo na kuziacha zile sauti za mfano wa vigelegele, watazamaji walilalamika kama wameibiwa. Hao ni watu wazima, wana kazi na madeni, wanalilia utangulizi!

Mimi nikahitimisha hivi: mtu mzima hachoshwi na urefu, anachoshwa na kuambiwa jambo lilelile ambalo jana alishaambiwa. Mtoto anaweza kuangalia kitu kilekile mara 40 na kila mara akacheka palepale. Mtu mzima mara ya pili ameshakielewa, mara ya tatu unamla muda.

Tangu kisa kile nimepata tabia mbaya. Nikikaribishwa mahali kuangalia tamthilia, sitazami skrini. Natazama kidole gumba. Rimoti iko mkononi au pajani, kidole kimelala juu ya kitufe, na katika sekunde tano au sita za mwanzo unakiona kinaamua. Kikinyanyuka kidogo kikabaki hewani, bado una nafasi. Akiiweka rimoti mezani, umeshinda. Shemeji yangu huwa anaiweka kifuani kabisa, kama bastola. Huyo sijawahi kumshinda.

Ndiyo maana siku hizi naanza na onyesho kabla ya majina. Breaking Bad walikuwa wanafanya hivyo: kwanza unatupiwa tukio, unajiuliza hawa wamefikaje hapa, ndipo majina yanakuja na zile alama za kemia, Br na Ba, chini ya sekunde 20, umerudi kwenye hadithi. Hakuna muda wa kidole kufikiri.

Na ndugu zangu wahariri, hapa naomba mnisikilize vizuri. Tuache kiburi. Utangulizi si maonyesho yako ya vipaji. Mtu amefanya kazi mchana kutwa, amelaza watoto, ana saa moja tu ya kwake, na wewe unamchukulia dakika moja na nusu umwonyeshe ulivyo hodari wa kukata karatasi? Jiulize lile swali la dada yangu. Unamtengenezea nani? Ukishajibu, jiulize tena. Chezesha sekunde 10 za mwanzo bila sauti, mwite mtu asiyejua chochote, muulize hiki ni cha nani. Halafu mgeuze asione picha, asikilize sauti peke yake, muulize tena. Majibu yakipishana, una tatizo. Mimi yangu yote mawili yangejibiwa "cha watoto" na mpita njia yeyote, ila sikumuuliza mpita njia. Niliuliza watu waliokuwa wananilipa na watu waliokuwa wananipenda.

Mwaka huu nimetengeneza mwingine. Sekunde 24. Mikono ya mwanamke muuguzi anajiandaa kwa zamu ya usiku: anavua pete ya ndoa, anaiweka kwenye mkoba, anafunga zipu, anavaa glavu. Muziki hauingii mpaka sekunde ya tisa. Kabla ya hapo ni zipu tu. Kila episodi kuna kitu kimoja kimebadilika ndani ya mkoba, na kuna siku pete haimo. Watu wananiandikia kwamba wanasimamisha picha ili wachungulie. Wanasimamisha! Niliposoma ule wa kwanza nilimtumia dada, naye akanijibu neno moja, "Haya," ambalo kwa dada yangu ni sherehe.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia: fanya animesheni yako. Hiyo dakika na nusu mpelekee prodyuza swali, je, mtazamaji atapata nini katika sekunde ya 70 ambacho hakukipata jana? Akishindwa kukujibu, kata. Na kabla hujakabidhi, nitumie sekunde 10 za mwanzo, bila sauti.

Zile karatasi bado ninazo, kwenye boksi juu ya kabati. Mpwa wangu sasa ni mkubwa kidogo, na kila akija huniuliza lini ataruhusiwa kuiangalia yote ile katuni ya mjomba. Wimbo wake ameshaushika, anaupiga mluzi akipanda ngazi, na wala hakosei pale nyumba inapochanika.