Re: Nibadilishe jikoni kabla ya kuuza nyumba Kiamunyi, Nakuru?

Ndugu, hiyo graniti na kabati mpya za jikoni unazofikiria kuweka ningeziacha. Mnunuzi huenda azing'oe aweke zake. Anza na paa: alama ya maji kwenye dari humfanya mtu akate bei palepale, hata kama mabati yalishazibwa. Ziba, ngoja mvua kubwa inyeshe uhakikishe, ndipo upake dari rangi. Halafu gata, mabomba yanayovuja, swichi zilizolegea. Ile rangi ya zambarau ya sebuleni kwenye picha uliyotuma, pole, iondoke, paka krimu. Tangi la maji ya mvua lisafishe lionekane, maana visima vingi vya Nakuru vina floridi nyingi, madini yanayoharibu meno. Kodi ya ardhi ya kaunti lipa mapema; bila cheti kwamba hudaiwi, uhamisho wa hati utakwama.