Mashetani wa Lilanga: kwa nini wangu hawachezi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora kwa rangi za mafuta na kuuza Bagamoyo. Siku hizi najaribu mashetani, wale viumbe wa vituko wa msanii wetu George Lilanga. Masikio, matumbo, vidole, vyote nimeviiga, lakini wateja wanasema wangu wamesimama tu, hawachezi. Nakosea wapi? Na je, ni lazima mtu aamini mashetani ndipo awachore?

JIBU: Marahaba. Umeiga viungo, na viungo ndiyo sehemu rahisi. Kilichokuponyoka ni kwamba Lilanga alikuwa mchongaji kabla ya kushika brashi. Alizaliwa Masasi mwaka 1934, akajifunza kuchonga kwa Wamakonde wenzake, na alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970 kazi yake ya kwanza pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, ilikuwa ulinzi. Rangi ilikuja baadaye.

Sasa fikiria gogo la mpingo. Mchongaji haongezi kitu, anapunguza. Akitaka watu watano kwenye gogo moja, lazima washikane: mkono wa huyu uzae mguu wa yule, la sivyo kinyago kitavunjika. Uwazi kati yao ndio anaoutoboa kwa patasi, kwa hiyo nao una umbo lake. Tazama picha yoyote ya Lilanga iliyojaa watu, utaona jambo hilohilo kwenye ubao bapa. Wamebanana, wamepokezana viungo, na vipande vya nyuma vilivyobaki ni vidogo na vimekatwa kwa makusudi. Wewe, nadhani, unamweka shetani mmoja katikati kisha unapaka nyuma. Huyo atachezaje, na hana wa kumsukuma?

Rangi ni habari ya Dar es Salaam. Mchoraji Edward Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alikwisha kuzoesha jiji picha za rangi ya kopo juu ya hadibodi kabla hajafariki mwaka 1972. Rangi ile inang'aa, inakauka upesi, na haikubali kuchanganywa polepole ubaoni kama ya tyubu. Ndiyo maana inapakwa bapa, rangi moja kwa eneo moja, na mstari unaofunga umbo ndio unaobeba kazi yote. Kama unatia vivuli ili tumbo lionekane la mviringo, acha. Kivuli kinamkalisha chini.

Kuhusu imani: hapana, si lazima. Mwanafunzi wangu mmoja, mlokole wa kweli, aliwachora vizuri kuliko darasa zima. Lakini lazima ujue wanafanya nini. Shetani wa uchongaji wa Kimakonde si Ibilisi wa mahubiri. Yuko karibu zaidi na nandenga, kiumbe wa porini mwenye vituko, anayeweza kukutisha na kukuchekesha siku hiyohiyo. Kumpa umbo hilo kwenye mti kunahesabiwa kuwa kazi ya mchongaji Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba kinyago chake kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa kiumbe kisicho cha kawaida. Iwe hivyo au vinginevyo, tangu hapo mchongaji alipata ruhusa ya kuvuruga mwili: jicho moja, mdomo unaoning'inia, sikio kubwa kuliko kichwa. Kabla ya hapo kulikuwa na mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma zinazofungamana na jando, ambamo mtu anayejulikana kijijini anageuka mwingine mbele ya watu. Lilanga alichofanya ni kuwashusha mashetani mtaani. Wake wanakunywa, wanabeba watoto, wanapiga soga. Ni majirani zetu wenye vidole pungufu. Shetani wako ana shughuli gani? Kama hana, mpe.

Zoezi lenyewe ni hili. Nunua sabuni ya mche, chukua kisu kidogo, na uchonge mashetani wawili wanaogombania kata moja ya pombe, bila kukata kipande kikawa viwili. Utavunja mara mbili tatu. Ukifaulu, kiweke mbele ya taa, uchore kwanza matundu ya mwanga yanayopita kati yao, ndipo uchore miili. Nitumie picha ya jaribio la tatu, si la kwanza. Makombo ya sabuni usiyatupe, yanafulia brashi vizuri sana.