Umri wa tairi unasomwa ubavuni
Unaweza kudhani tairi ni jipya kwa sababu kashata zake, yaani mikato ya mpira upande unaogusa barabara, bado ni nzima. Hapana, kashata kuwa nzima hakumaanishi tairi ni jipya. Angalia ubavuni kwenye maandishi yanayoanza na DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta 2319, limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, chungulia upande wa ndani kwa tochi, maana mara nyingi zinaandikwa upande mmoja tu. Zikiwa tatu badala ya nne, hilo ni la kabla ya 2000, litoe leo hii.

Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Oksijeni na joto vinaukausha, nyufa ndogondogo zinatokea, na ndani tabaka zinaanza kuachana. Ndiyo maana hata tairi la akiba ambalo halijawahi kugusa lami linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo mkali. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri libadilishwe likifika miaka 6, na wa matairi wengi wanaweka kikomo cha 10. Ila kama limepigwa sana na jua, au limeendeshwa na upepo mdogo, usisubiri miaka hiyo.