Tulibaki kwa sababu Kibadeni alikuwa benchi

Swali la wiki hii limeuliza: mchezaji wa zamani anapokabidhiwa timu aliyoichezea, kwa nini mashabiki huamka upya, na je, matumaini hayo yana msingi au ni mapenzi matupu? Mimi ni mtoto wa Ilala, nimekulia kwenye nyumba ya Simba, na jibu langu linaanzia kwa marehemu baba yangu.

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013 tulikuwa Uwanja wa Taifa, mimi na mzee. Mapumziko yalitukuta Yanga wakiwa mbele kwa mabao matatu kwa sifuri. Mrisho Ngassa, ambaye msimu mmoja nyuma alikuwa amevaa jezi yetu, alifunga la kwanza, kisha Hamis Kiiza akatuongezea mawili. Upande wa pili wa uwanja walikuwa wanaimba mpaka saruji ya jukwaa inatikisika. Upande wetu watu walianza kuinuka mmoja mmoja, wengine wamefunika skafu zao ndani ya shati ili wasitambulike njiani. Nikamshika mzee mkono nikamwambia, baba, twende tuwahi gari. Akanitoa mkono taratibu. Akanielekeza kwa kidole kule chini kwenye benchi letu, akasema: "Yule pale ni Kibadeni. Mimi siondoki."

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwenye mambo haya, Abdallah Kibadeni ndiye aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake tarehe 19 Julai 1977, siku Simba iliposhinda sita kwa sifuri. Mabao mengine mawili yalikuwa ya Jumanne Hassan, Masimenti, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Sikuwa nimezaliwa. Lakini mechi ile naijua kuliko mechi nyingi nilizoziona kwa macho, kwa kuwa mzee alikuwa akiisimulia kila kilipotokea kisingizio, iwe msiba, harusi, au umeme umekatika.

Mwaka 2013 huyo King Kibadeni alikuwa amerudi nyumbani kuwa kocha, akitokea Kagera Sugar. Msimu uliotangulia tulikuwa tumemaliza wa tatu. Ubingwa ulikwenda Jangwani, kwa Yanga, na hata Azam walikuwa juu yetu. Pale mtaani kwetu habari ya kurudi kwake ilipotoka, hakuna aliyeuliza atatumia mfumo gani wala mazoezi yake yakoje. Watu walikumbatiana. Mzee alinyoosha jezi yake kwa pasi ya mkaa siku ambayo hakukuwa na mechi.

Sasa swali la mhariri: kwa nini? Nimelifikiria miaka mingi na nimefika mahali pamoja. Kocha mgeni, hata awe hodari namna gani, inabidi aelezwe. Aelezwe kwamba sare na Yanga ina uzito gani, kwamba kuna watu hawatakwenda kazini Jumatatu, kwamba kuna majirani hawatasalimiana wiki nzima. Ataelewa kwa akili. Lakini mchezaji wa zamani haelezwi kitu. Amewahi kutoka uwanjani akizomewa na watu wake mwenyewe, amewahi kubebwa juu mpaka Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya klabu yetu. Shabiki anapomwona amesimama pale kwenye mstari, anahisi kwamba ameweka mtu wake ndani ya chumba ambacho yeye shabiki haruhusiwi kuingia. Kwa maisha yetu yote ya ushabiki tunapiga kelele kutoka mbali. Siku hiyo tunaona kama mmoja wetu amepita getini.

Kwa hiyo, ndiyo, ni mapenzi. Ila sikubali kwamba ni mapenzi matupu. Kipindi cha pili cha siku ile timu iliyotoka chumba cha kubadilishia nguo haikuwa ile iliyoingia. Betram Mwombeki akafunga. Joseph Owino akafunga. Waliokuwa wamefika getini wakarudi mbio, na walinzi hawakuwa na la kufanya. Gilbert Kaze alipofunga la tatu kwa kichwa au kwa bega, sijui hata kwa kitu gani, maana nilikuwa nimekumbatiwa na mtu nisiyemjua, nikamtafuta mzee nikamkuta amekaa. Amekaa kabisa, mikono mapajani, machozi yanamtoka bila sauti. Tatu kwa tatu. Sijui Kibadeni aliwaambia nini vijana wale mapumziko. Najua tu kwamba alikuwa na kitu cha kuwaambia ambacho mtu mwingine asingekuwa nacho.

Lakini lazima niseme na yaliyofuata, maana hapo ndipo pana uchungu wangu. Kabla mwaka haujaisha benchi lilishabadilishwa. Akaletwa Zdravko Logarušić kutoka Kroatia, na tarehe 21 Desemba tukaifunga Yanga tatu kwa moja kwenye ile mechi ya kirafiki iliyoitwa Nani Mtani Jembe. Watu wakasema, mnaona, tatizo lilikuwa kocha. Ligi ilipoisha tulikuwa wa nne, chini ya Azam, Yanga na hata Mbeya City iliyokuwa imepanda daraja msimu uleule. Tatizo halikuwa kocha.

Nimeona jambo hili likijirudia mara nyingi hata nimeacha kuliita bahati mbaya. Uongozi wa klabu ukiwa umebanwa, usajili umekwenda kombo, wanachama wanatishia kufunga ofisi, ndipo jina la mchezaji wa zamani linapokumbukwa. Anaitwa nyumba ikiwa tayari inaungua. Jina lake linatuliza watu kwa miezi miwili au mitatu, watu wanarudi uwanjani, hasira zinashuka. Kisha matokeo yakiwa yaleyale, maana timu ni ileile, anaondoka yeye, na safari hii anaondoka na doa. Viongozi wamekopa heshima ambayo si yao, na anayelipa deni ni yule mzee aliyeijenga kwa magoti yake miaka thelathini nyuma. Hilo ndilo linaloniuma kwenye suala zima. Matumaini yetu ni ya kweli, na ndiyo sababu kuna watu wanaweza kuyatumia.

Isidhaniwe naongelea Simba tu. Katikati ya mwaka 2015 Taifa Stars walipewa Charles Boniface Mkwasa, mtu wa Yanga na mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, baada ya Mart Nooij kuondolewa. Mimi wa Msimbazi nilifurahi kama watu wa Jangwani walivyofurahi. Septemba ikaja sare ya bila kufungana na Nigeria hapa Dar es Salaam. Novemba tukawa mbele ya Algeria mbili kwa sifuri uwanjani kwetu, wakarudisha, ikaisha mbili mbili. Siku tatu baadaye kule kwao tukapigwa saba. Saba kwa sifuri. Niliwasikia watu walewale waliomwita mkombozi wakisema hajui kitu. Mtu hawezi kujua mpira Jumamosi akausahau Jumanne. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Jumamosi alikuwa amebeba matumaini yetu na Jumanne alikuwa amebeba umri wa soka letu lote: viwanja vya vijana visivyokuwepo, ligi za watoto zinazochezwa mwezi mmoja zikafa.

Mdogo wangu ni wa Manchester United, kwa hiyo nililiona jambo hili hata kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kulipia kutazama mpira. Usiku wa Machi 6, 2019, mechi ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya PSG kule Paris ilianza saa tano usiku kwa saa zetu. United walikuwa wamefungwa mbili nyumbani kwao, nusu ya kikosi wapo majeruhi, na benchi alikuwa Ole Gunnar Solskjær, yule aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Bayern dakika za nyongeza mwaka 1999 pale Camp Nou. Mdogo wangu alizaliwa baada ya bao lile. Bado alikuwa anasema "Ole anajua dakika za mwisho" kana kwamba walikuwa pamoja. Karibu saa saba usiku Rashford akapiga penalti ya dakika za nyongeza, ikawa tatu kwa moja, jumla ya mechi mbili tatu kwa tatu, wakasonga mbele kwa kuwa wao walikuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini. Kibanda kizima kilikuwa barabarani. Wiki tatu baadaye akapewa mkataba wa miaka mitatu, na nilimwambia mdogo wangu nina wasiwasi. Hakunielewa. Nilikuwa nimemkumbuka mzee na zile tatu kwa tatu.

Solskjær hakuwa kocha mbaya. Alimaliza wa tatu, kisha wa pili, akafika fainali ya Europa League mwaka 2021 na kuikosa kwa penalti mbele ya Villarreal, mpaka golikipa akapiga. Kisha Oktoba ile Liverpool wakawafunga tano kwa sifuri Old Trafford, na Novemba baada ya nne za Watford akaondolewa. Picha ninayoikumbuka ni yeye kwenye mahojiano ya kuaga, analia. Wangapi kati ya makocha waliopita pale walilia?

Kuhusu msingi wa matumaini, nadhani kuna jambo moja tu la kuangalia, nalo si mabao aliyofunga. Ni njia aliyopita kati ya kuvua jezi na kurudi. Zidane kabla ya kupewa Real Madrid Januari 2016 alikuwa msaidizi wa Ancelotti, kisha akafundisha timu ya pili, Castilla. Akachukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo. Guardiola kabla ya kupewa Barcelona alifundisha timu yake ya pili. Arteta alikaa miaka mitatu na zaidi pembeni ya Guardiola kama msaidizi, na hata hivyo Arsenal walimvumilia akimaliza wa nane mara mbili. Pirlo naye alikabidhiwa Juventus mwaka 2020 siku chache tu baada ya kupewa timu ya vijana, hajafundisha mechi hata moja, na baada ya msimu mmoja akaondoka. Shearer aliitwa Newcastle zikiwa zimebaki mechi nane mwaka 2009. Alishinda moja, wakashuka daraja. Hakuna aliyewapenda watu wake kuliko Shearer. Mapenzi humfungulia mtu mlango. Kazi ya ndani ina ufundi wake, na ufundi hausomwi kwenye sanamu.

Hapa kwetu mtu ninayemtazama kwa jicho hilo ni Selemani Matola. Alikuwa nahodha wetu, na alikuwamo kwenye kikosi kilichowatoa Zamalek mwaka 2003 kwa penalti kulekule Cairo. Hakusubiri kuitwa. Alikwenda Iringa kufundisha Lipuli, timu isiyokuwa na fedha, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019, wakafungwa moja na Azam. Tangu arudi Msimbazi amekuwa msaidizi wa makocha wengi kutoka nje. Wao walipita, yeye akabaki, na mara kadhaa pengo lilipotokea ndiye aliyesimama. Kila mara akisimama nawasikia vijana wakisema apewe timu moja kwa moja. Natamani hivyo. Natamani zaidi kwamba siku akipewa, apewe mwanzoni mwa msimu, na usajili wake mwenyewe, na mkataba ambao kipigo kimoja cha mtani hakiwezi kuuchana. Vinginevyo wasimguse.

Maana Simba iliwahi kuvuna kutoka kwa mtu wake. Mwaka 1993 kocha aliyetufikisha fainali ya Kombe la CAF alikuwa Kibadeni huyuhuyu. Kule Abidjan tulitoka sare ya bila kufungana na Stella, na jiji zima likajua kombe limeshakuja. Mabao mawili ya Boli Zozo yakatuzima hapa hapa Dar es Salaam. Nilikuwa mtoto, nakumbuka ukimya wa Barabara ya Uhuru jioni ile kuliko kitu kingine chochote. Ilitubidi kusubiri miaka 32, mpaka Mei 2025, kuiona tena Simba kwenye fainali ya Afrika, na RS Berkane ya Morocco nao wakaondoka na kombe lao. Baba hakuiona hiyo.

Ile siku ya tatu kwa tatu hatukupata gari. Tukatembea kutoka uwanjani, tukapita Chang'ombe, tukavuka Barabara ya Nyerere katikati ya honi na vumbi, mzee akiwa amevaa jezi yake bila kuificha. Nilimuuliza kama anaamini kweli Kibadeni atatupa ubingwa. Hakunijibu. Alianza kuyasimulia mabao ya 1977 kwa mpangilio wake, la kwanza la Kibadeni, la pili walilojifunga, hivyo hivyo, akisimama kila bao kunionyesha kwa mguu mpira ulitokea wapi. Kibadeni ndiye aliyefungua hesabu siku ile na ndiye aliyeimaliza. Mzee alipofika kwenye bao la sita tulikuwa tumeshafika mlangoni, na mama alikuwa amesimama kizingitini na taa, anatusubiri.