Kitenzi "look" na vijineno vinavyokiandama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Tanga. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliweka begi lake mbele yangu akaniambia, "Could you look after my bag?" Nilisikia "look", nikasikia na "after", nikadhani anataka niliangalie begi lake baada ya jambo fulani, kwa hiyo nikamuuliza, "After what, sir?" Aliyarudia maneno yale yale polepole, nami sikumwelewa mpaka mwenzangu alipolichukua begi akaliweka nyuma ya kaunta. Tangu siku hiyo ninaandika kwenye daftari kila neno ninalolikuta likifuata "look", na sasa nimechanganyikiwa zaidi, kwa kuwa nimeona watu wakiandika "look the word up", lakini niliposema "look the children after" nilisahihishwa. Kwa nini neno moja liruhusiwe kuhama na jingine likatazwe? Je, kuna kanuni, au ni kukariri tu?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daftari lako ni mwanzo mzuri, ila nakuomba ubadilishe jambo moja. Usiandike "look" juu ya ukurasa kisha ukapanga "after", "for" na "into" chini yake, kana kwamba ni kitenzi kimoja kilichovaa nguo mbalimbali. Andika kila jozi kama neno linalojitegemea, maana ndivyo Mwingereza anavyoisikia. "Look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kudharau. Kwa Kiswahili hivyo ni vitenzi vitano visivyo na undugu wowote, wala hakuna anayehangaika kutafuta "kutazama" ndani ya "kudharau".

Ugumu huu haukuanza na wewe. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba desturi ya kugeuza maana ya kitenzi kwa kukifuatishia neno dogo ndiyo inayowatatiza wageni kuliko mambo yote.

Hata hivyo, sisi wenyewe tunafanya jambo lile lile kila siku, tofauti ikiwa kwamba Mwingereza huliweka neno lake nje, baada ya kitenzi, nasi tunalipenyeza ndani kwa mnyambuliko. Mtoto aliyemkimbia mbwa na mtoto aliyemkimbilia mama yake wametumia miguu ya aina moja, lakini kipande kidogo cha neno kimewapeleka pande mbili zinazopingana. Vivyo hivyo, anayehama Tanga anaondoka na anayehamia Tanga anafika. Wakati mwingine kipande hicho hakigeuzi upande tu, bali huzaa maana mpya kabisa. Mgeni anayejifunza Kiswahili, akishajua "ona" na akishafundishwa kauli ya kutendea, atakisia kwamba kumwonea mtu ni kuona kwa niaba yake, naye atashangaa akiambiwa kwamba ni kumdhulumu. Hana budi kulipokea "onea" kama neno jipya, kama unavyopaswa wewe kulipokea "look after". Tena, mgeni wako angekuwa Mswahili, angekwambia, "Niangalizie begi langu," naye angekuwa ametoka kwenye kuangalia akafika kwenye kutunza, safari ile ile aliyoifanya Mwingereza.

Na hiyo "after" iliyokukwaza haikuja bure. Mbali na wakati, neno hilo hueleza pia kitu kilicho nyuma ya kingine, ndiyo maana hadi leo unaweza kumsikia Mwingereza akisema "She looked after the bus until it disappeared", yaani alilifuata basi kwa macho mpaka likapotea. Mchungaji hutembea nyuma ya mbuzi wake, na macho yake yako mbele, juu yao. Ukiiweka picha hiyo akilini, kutoka kufuata kwa macho hadi kutunza si mbali.

Sasa nije kwenye kanuni uliyoiuliza, kwani ipo, na ni ya kutegemewa. Vijineno vinavyoandama "look" ni vya aina mbili. Vingine ni vihusishi, na kazi ya kihusishi ni kushikana na nomino inayokifuata ili viwe kirai kimoja: katika "look after the children", "after" imeshikamana na "the children", kwa hiyo huwezi kuipeleka nyuma ya watoto hao, kama tusivyoweza kugeuza "kwa mama" kuwa "mama kwa". Vingine ni vielezi, ambavyo havikuishika nomino bali vimekishika kitenzi. Katika "look up the word", yaani kulitafuta neno kwenye kamusi, "up" ni mali ya "look", nomino imekuja tu kama yambwa, yaani kile kinachotendwa, na ndiyo sababu ya kuruhusiwa "look up the word" na "look the word up" pia.

Kipimo cha kuzitambua aina hizi ni kiwakilishi. Ondoa nomino, weka "it" au "them", kisha usikilize mahali kinapotua. Kwenye kihusishi, kiwakilishi hukaa mwisho: "look after them". Kwenye kielezi, hapana ruhusa ya kuchagua, lazima kiingie katikati: "look it up", kamwe si "look up it". Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "over", kwa sababu neno hilo hufanya kazi zote mbili. Mkuu wako wa kazi akikupa barua uipitie kabla haijatumwa, atasema "look over the letter", nawe utajibu kwamba utafanya hivyo kwa kusema "I will look it over". Lakini mtoto anayesimama juu ya ndoo ili achungulie upande wa pili wa ukuta, huyo "looks over the wall", na ukiuondoa ukuta utasema "he looks over it". Kwa jicho ni maneno yale yale, ila "it" imezitenganisha sentensi mbili zisizofanana kabisa.

Sikio nalo hukusaidia. Kielezi kwa kawaida hutamkwa kwa mkazo, kwa hiyo katika "look it up" sauti hupanda kwenye "up", ilhali katika "look at it" mkazo huwa juu ya "look" na "at" hupita haraka hata karibu isisikike. Nadhani hapo ndipo linapozaliwa kosa ninalolisikia sana, la kusema "look me" na "what are you looking?", kwani Kiswahili hutwambia "nitazame" na "unatafuta nini?" bila kihusishi chochote, na kile cha Kiingereza hakikusikika vizuri tangu mwanzo. Sema "look at me", na katika swali kiache kihusishi mwishoni bila hofu: "What are you looking for?"

Kanuni hii itakuonyesha mahali pa kuliweka neno, lakini haitakufunulia maana. Maana utazipata kwa kukutana nazo, na kwa hilo siziamini orodha ndefu zinazopanga vitenzi hivi kwa alfabeti. Katika daftari lako andika sentensi nzima uliyoisikia, pamoja na aliyeisema na alichokuwa akikitaka. Sentensi ya begi lile hutaisahau.

SWALI: Mhariri, nimekuwa nikituma barua za kuomba kazi na kuzimaliza kwa "I look forward to hear from you". Rafiki yangu asema ni lazima niandike "hearing". Mimi nilifundishwa kwamba "to" hufuatwa na kitenzi kitupu, kama "to go" na "to eat". Nani mkweli kati yetu?
Msomaji wa Nakuru

JIBU: Rafiki yako ndiye mkweli. "To" uliyofundishwa ni ile inayofanya kazi ya "ku-" yetu, lakini hii ya "look forward to" ni kihusishi. Pima kwa nomino: unaweza kuandika "I look forward to your reply", ilhali "I want to your reply" haisemeki. Kwa kuwa kihusishi hudai nomino, kitenzi kikitaka kukaa hapo hujigeuza nomino kwanza, nacho huwa "hearing". Sisi hatuihisi tofauti hiyo kwa sababu "kusikia" kwetu ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja, na "natazamia kusikia kutoka kwako" huridhisha pande zote mbili. Katika barua ya kazi andika "I look forward to hearing from you", na "I am looking forward" uiweke kwa ajili ya barua za marafiki, kwa kuwa ina uchangamfu zaidi kuliko urasmi.