Maswali ya Wasomaji: Kipande, Wazee wa Mkonge na Upato

*Babu alikuwa manamba kwenye shamba la mkonge. Kadi yake ya kipande ina vyumba 30, lakini nyumbani wanasema kila kadi ilimchukua karibu miezi miwili. Alikuwa mvivu, au alidhulumiwa?*
Msomaji, Muheza

Mvivu hakuwa. Kipande hakikuhesabu siku za kalenda, kilihesabu kazi zilizokamilika. Mkataji alipangiwa idadi ya matita, kila tita majani 30: akate, aondoe mwiba wa ncha, afunge, abebe hadi kando ya reli ya troli. Utomvu wa mkonge unawasha, na ule mwiba unatoboa jicho. Asipomaliza, au akipandwa na homa katikati ya kazi, nyapara haweki alama na jasho la siku hiyo limepotea. Mshahara ulitoka vyumba 30 vikijaa.

Haraka yote hiyo ilitoka kiwandani. Kilo 100 za majani hutoa nyuzi kavu kama kilo 4 tu, na jani likinyauka, nyama yake hung'ang'ania nyuzi hata korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, isizisafishe vizuri. Mwenye shamba aliyekwisha kufunga mashine anataka majani mabichi kila siku. Hawezi kungoja watu wamalize kupalilia mahindi yao.

Na watu walikuwa na mahindi yao. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 na kupandwa Kikogwe, Pangani, hakuna mkulima aliyekuwa na sababu ya kuikimbilia. Sababu ilitengenezwa. Kuanzia 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, rupia 3, na rupia hailimwi. Kodi haikutosha, ndipo mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ikawapa wanaume kadi za kuwalazimisha kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Wakati wa Waingereza wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua wa mkonge, mwaka 1944, kusomba vibarua kutoka mbali, kama Kigoma na Songea.

Kipande kilikuwa na nafuu moja, na wafanyakazi waliitumia: mtu aliweza kupumzika siku mbili tatu bila kuvunja mkataba. Dhuluma kubwa zaidi naiona penye kiwango cha mshahara. Mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Meillassoux alieleza kwamba ujira wa namna hii hupangwa kwa tumbo la mtu mmoja, kwa sababu kijiji kinalea watoto wake na kitampokea akizeeka au akiugua. Jembe la bibi yako lilikuwa likilipia sehemu ya mkonge ule, wala halikuandikwa kwenye daftari lolote.

*Tunataka kurekodi wazee waliofanya kazi mashambani. Tuanzie wapi?*
Kikundi cha vijana, Ngamiani, Tanga

Anzeni na kitu cha kushika: kipande, panga, picha. Pigeni picha kadi pande zote mbili kabla ya mazungumzo. Mwaka msiuulize moja kwa moja. Muulizeni mzee kama ilikuwa kabla au baada ya mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa 1958, Uhuru, Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Vijiji. Mshahara uulizeni kwa bidhaa, kipande kimoja kilinunua debe ngapi za mahindi au kaniki ngapi, kwa sababu shilingi ya wakati ule peke yake haimwambii kitu kijana wa leo.

Kinachoharibu zaidi ni kuwakalisha kibarua na nyapara wa zamani kwenye mkeka mmoja. Kibarua atanyamaza. Zungumzeni na kila mmoja peke yake, na wanawake msiwaache: waulizeni nani alilima mume alipokuwa kambini. Swali la "mliteswa?" liacheni. Ulizeni asubuhi ilianzaje, kengele ilipigwa saa ngapi, nani alihesabu matita.

*Upato ni zawadi au ni deni?*
Msomaji, Pangani

Ni deni. Watu 10 wakitoa 20,000 kila wiki, wa kwanza anaondoka na 200,000 huku ametoa 20,000 tu. 180,000 ni mkopo usio na riba. Wa mwisho ndiye aliyewakopesha wenzake, na bei zikipanda ndiye anayeumia. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu wa kutoa, kupokea na kurudisha. Katika upato, wajibu huo unaonekana pale mtu anapompisha mwenzake mwenye msiba achukue zamu yake, na kumpisha huko hukumbukwa miaka.

Michezo mingi hufa kwa sababu mgeni amepewa zamu za mwanzo, akapokea akahama mtaa. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, amweke mwishoni mpaka azoeleke. Mzunguko wa pili geuzeni orodha, wa mwisho awe wa kwanza.