Nilikaa Kushoto kwa Hakimu

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na maembe yameanza kuanguka. Watoto wa jirani wanaruka ua alfajiri kuja kuyaokota, nami najifanya nimelala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kijana wa miaka 22, kisu cha jikoni, simu moja ya mtumba: miaka 30. Na wiki hiyohiyo, Mahakama Kuu ilipokuja kukaa kikao hapo kwenu, mwanamume aliyempiga mkewe mpaka akafa akapewa miaka 5 kwa kuua bila kukusudia. Unaniuliza, baba, adhabu hizi zinalingana na makosa? Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, umeongeza kwamba ile miaka 30 umeisoma wewe mwenyewe, hakimu, na sauti ikakukauka.

Hilo la kulingana nitalirudia. Kwanza nikuulize: kati ya kumtia hatiani na kumtajia adhabu, ulipitisha usiku? Najua utanijibu kwamba usiku usingesaidia kitu, kwa kuwa kifungu cha 287A, cha unyang'anyi wa kutumia silaha, kimeshasema kifungo kisichopungua miaka 30, na hakimu kazi yake ni kukisoma tu. Sawa. Nauliza hivyohivyo. Tangu mkiwa wadogo mnanisikia nikisema adhabu lazima ilale, na mlinigeuza kichekesho humu ndani. Kaka yako akivunja glasi alikimbilia kitandani, ajifunike shuka gubigubi, apige kelele, "Baba, adhabu ilale!" Hakuna kati yenu aliyewahi kuniuliza msemo huo niliupata wapi.

Niliupata mwaka 1996. Wewe ulikuwa darasa la pili.

Unakumbuka nilikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Wewe leo unakaa juu pale peke yako na sheria yako. Sisi tulikaa watatu: hakimu katikati, mzee mmoja aliyestaafu reli kulia kwake, na mimi kushoto. Na hatukuwa mapambo. Unajua sheria ya mahakama za mahakimu ilivyokuwa, kwamba tukitofautiana kura ndiyo inaamua, na kura hiyo haikuishia kwenye hatia tu, iliingia mpaka kwenye adhabu. Hakimu mmoja, wazee wawili. Maana yake wazee wawili wasiojua kifungu hata kimoja waliweza kumshinda aliyesomea.

Jumatatu ya wiki ile niliibiwa baiskeli. Ile nyeusi, ya pesa za tumbaku za msimu mzima, niliyokuwa nikikubeba mbele kwenye bomba mpaka miguu inakufa ganzi. Niliiegemeza nje ya soko, nikaingia kununua chumvi, nikatoka na chumvi. Mwizi hakuonekana siku ile wala kesho yake mpaka leo.

Jumatano nikaenda barazani kwa miguu.

Mshtakiwa alikuwa na miaka 19. Alikuwa ameingia uani kwa mwalimu mmoja, akachukua sufuria mbili na khanga iliyoanikwa kambani. Hakukana. Alisema, "Ni kweli," tena kwa sauti iliyosikika vizuri. Sufuria zilikuwa pale mezani, khanga imekunjwa juu yake, na mwalimu mwenyewe alikuwa anataka tu vyombo vyake. Hakimu, kijana mpole, Mungu amzidishie, akatunong'oneza kwamba yeye anaona amwachie kwa masharti au ampige faini ndogo, kwa kuwa ni kosa la kwanza, amekiri, na mali imerudi. Kisha akanigeukia mimi kwanza. Angeanza na mzee wa reli, pengine nisingekuwa na barua hii ya kukuandikia.

Nikasema miezi tisa.

Mzee wa reli akaniangalia kidogo, akasema, "Nakubaliana na mwenzangu." Basi, kura mbili kwa moja. Mahakama ya mwanzo iliweza kufunga hadi miezi 12, na mimi, mwanangu, nilijiona mwenye huruma kwa kuwa nimempunguzia mitatu.

Unaona lakini? Sikuwa nimepima sufuria. Nilikuwa nimepima baiskeli. Na wala si baiskeli peke yake, kuna na redio. Mwaka mmoja nyuma, Mei Mosi 1995, nilimsikiliza Mwalimu Nyerere akihutubia kule Mbeya. Ndiyo ile hotuba aliyokumbushia sheria ya zamani, mtu anakwenda ndani miaka miwili na viboko 24, nusu siku ya kuingia, nusu siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Babu yako aliipenda sana sheria hiyo ya 1963. Alikuwa akisema hiyo ndiyo iliyowapa adabu makarani wa ushirika. Nikaingia barazani na kicheko hicho kifuani. Nilisahau kwamba Mwalimu alikuwa akizungumzia rushwa ya wakubwa, hakutaja sufuria za mtu. Na hata sheria ile kali, wewe umeisoma kuliko mimi, iliacha kidirisha: kosa likiwa la kwanza, mali haizidi shilingi 100, na kuna sababu maalumu, hakimu aliruhusiwa kushuka. Mimi sikuwa nimefungwa na kiwango chochote. Dirisha langu lilikuwa wazi lote, nikalifunga mwenyewe kwa sababu nilitembea kwa miguu.

Usiku ule ndio nikakosa usingizi. Kufika saa tisa hivi hasira ya baiskeli ilikuwa imeniisha, nikajua kabisa kwamba nikiulizwa asubuhi nitamfuata hakimu. Hakuna aliyeniuliza asubuhi.

Sasa Bi Vitumbua. Unamkumbuka, najua, kwa sababu jina hilo ulimpa wewe. Yule kijana alikuwa mwanawe. Siku ya hukumu alikaa nje ya mahakama na ndoo yake, na kesho yake alikuwa kibarazani kwake kama kawaida, chuma kimoto, na wewe ukatumwa kama kawaida. Vitumbua vitano, na ukarudi na sita. Ulisema, "Amesema hiki cha mtoto." Nilimwambia mama yako tuhamie kwa yule wa Ng'ambo. Akanijibu kwamba yeye hakupiga kura barazani, na vitumbua vya Ng'ambo havina hiliki. Miezi yote ile ulikuwa ukirudi na sita. Sikuwahi kujua kama hakuwa na habari, au alikuwa nayo na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake kwangu. Nilikuwa nikikitazama kile cha sita kwenye sahani mpaka ukile.

Yule kijana alitoka baada ya miezi sita, maana theluthi husamehewa kwa tabia njema. Alikaa mjini kidogo, kisha akaondoka. Sheria ya huduma kwa jamii ilikuja 2002. Ingekuwapo wakati ule tungeweza kumpa ufagio afagie soko, jioni alale kwao. Najisemea hivyo. Halafu najijibu kwamba uongo, siku ile ungenipa ufagio ningetafuta rungu.

Hapo ndipo ninapopata tabu na swali lako, na usidhani nalikwepa. Unalalamika kwamba sheria imekufunga mikono. Mimi ninayekuandikia ni mtu aliyeachiwa mikono yote miwili. Kwa nini unadhani waliweka viwango vya chini, 1963, tena 1972, tena baadaye? Kwa sababu ya watu kama baba yako. Ukifika mbele ya mzee aliyeibiwa baiskeli unapata miezi tisa, ukifika mbele ya aliyekula vizuri unaachiwa. Kosa ni lilelile. Kwa hiyo wakasema afadhali wote wapimwe kwa pishi moja. Mtu aliyetolewa kisu usiku kichochoroni, akalala na woga mwaka mzima, naye ana haki ya kujua kwamba adhabu haitategemea hakimu ameamkaje.

Lakini pishi moja kwa mchele na kwa pilipili? Kifungu chako hakijali kama ni genge lenye bunduki limeteka basi au ni mtoto mwenye kisu cha kumenyea viazi. Silaha ni silaha, miaka ni ileile 30. Huyu wa mkewe, kwa sababu kosa lake linaanzia sifuri mpaka maisha, Jaji aliweza kumtazama usoni, akasikiliza kwamba ana watoto wanne na kwamba amekaa mahabusu miaka kadhaa, akapunguza. Yaani aliyeua alipata kusikilizwa, na aliyenyang'anya simu hakupata. Hilo ndilo linalonikera, hata kuliko idadi ya miaka. Labda mitano ya yule ni michache. Sikuwepo, sijui ushahidi ulikuwaje. Lakini angalau kuna mtu aliifikiria. Ile 30 iliamuliwa kabla huyu kijana hajazaliwa, au alipokuwa mtoto wa kubebwa. Adhabu lazima ilale, mwanangu, na ile haikulala usiku hata mmoja kwa ajili yake yeye.

Umenitumia na ile ya Kenya, kesi ya Muruatetu, Mahakama yao ya Juu Desemba 2017, waliposema jaji hawezi kulazimishwa kutaja kifo kwa kila muuaji bila kumsikiliza kwanza. Nikafurahi nikadhani wamemaliza. Kumbe 2021 ikabidi waseme tena kwamba ile ilihusu mauaji tu. Wa unyang'anyi wa kutumia nguvu hayumo, na kule sheria inasema wakiwa wawili tu inatosha kutajiwa kunyongwa, hata wasishike silaha. Basi kila nyumba ina sufuria zake.

Nimalizie ya sufuria, ndiyo niliyotaka kukuambia tangu mwanzo.

Mwaka 2014, nilipokuja stendi kukupokea, ile safari basi lako lilichelewa mpaka magharibi. Mtu mzima mmoja, ana kipara kinaanza, akanisogelea. "Shikamoo mzee." Nikaitika. Akasema, "Hunijui. Wewe ulikaa kushoto kwa hakimu."

Miguu ilinilegea. Miaka 18 nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, yote yakapotea. Nikaanza, "Kijana wangu, siku ile..." Akanikatiza, tena anacheka, si kicheko kibaya. Akainama sikioni kwangu, akasema, "Mzee, sufuria zilikuwa tatu. Ile kubwa hamkuiona."

Akanionyesha ukubwa wake kwa mikono, akabeba begi lake akapanda basi la Mwanza. Ulipofika uliniuliza mbona nimekaa chini kwenye saruji, nikakuambia ni joto.

Nyumbani nilimsimulia mama yako. Alinyamaza muda, kisha akauliza, "Kubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa. Akasema hiyo inaumua unga wa vitumbua wa siku nzima.

Nimeigeuza miaka yote hii. Sufuria tatu zinafanya miezi tisa iwe sawa? Kama mbili ni kuachiwa kwa masharti, tatu ni ngapi? Na mimi niliyekula hicho cha sita, au niliyekuacha ukile, nimo katika hesabu hiyo? Mama yako anasema nimezeeka, natafuta kesi.

Natumaini ulimweleza yule kijana haki yake ya rufaa taratibu, akaelewa, si kwa ile haraka ya kufunga faili uende chai. Siku 10 za kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ni chache sana kwa mtu aliyetoka kusikia 30. Mwambie askari wa zamu amkumbushe. Na ukija Desemba lete mchele wa huko kwenu, huu wa hapa umepanda.

Kuhusu kama ni haki au si haki, nilikuandikia mstari mmoja mwishoni mwa karatasi hii, kisha nikaukata kwa kalamu. Ukiuinua kwenye taa utausoma. Lakini usiseme nimekuambia, bado sijaulalia.

Baba yako